Software ya bure, samaki wakavu na swali la "nyumbani au biashara" lililonitoa kwenye kiti changu

Wakuu, salamu kwenu wote mlioko humu. Wenye umeme someni polepole. Wenye sola kama mimi, someni haraka kabla ya wingu.

Hiki ninachosimulia kilinipata mimi mwenyewe, hakuna cha rafiki yangu wala jirani yangu. Mashahidi wapo: mke wangu, kuku wake, na motari mmoja anayeitwa Amuri. Motari ndiye dereva wa pikipiki, kwetu tunamwita hivyo. Kama nitaongeza chumvi itakuwa kwenye sehemu ya kujisifu, na sehemu hiyo mtaona ni fupi sana.

Niko Kasongo, Maniema, Congo. Kiswahili chetu kimekaa jirani na Kifaransa muda mrefu, kwa hiyo mtanivumilia.

Naitwa Papa Neema, lakini mtaani wamenibatiza Kizingiti, maana ukipita kwangu saa yoyote unanikuta mlangoni. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza humanités, yaani sekondari, nikapata diploma, nikairudisha nyumbani ikapumzike. Na mimi nikakaa nayo nisiiache peke yake.

Kazi yangu iko barazani. Meza, laptop, printer, na kipande cha sola juu ya bati. Naandikia watu barua, matangazo ya msiba, maombi ya kazi ambayo hawaipati. Kushoto kwangu gunia la mpunga, kulia kitanda cha wageni. Mke wangu, Mama Neema, ndiye mkuu wa ulinzi: anafukuza kuku wasikae juu ya printer, kwa sababu printer ina joto na kuku wamelijua hilo kabla yangu.

Sasa nielezee tishio, ndipo mtaelewa kwa nini nilihangaika.

Mke wangu ana kaka, anaitwa Bahati. Ana depo ya bidhaa Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Kila akija Kasongo ananitazama pale kwenye kiti kama mtu anayetazama paa linalovuja.

"Shemeji, mwanaume hawezi kukaa kwa nyumba kama sufuria," ananiambia. "Kuja Salamabila. Utakaa kwa depo yangu, utaona watu."

Namjibu kwamba watu nawaona, wanapita hapa mbele. Anacheka. Mke wangu hacheki.

Basi tulikuwa na mapatano mimi na mke wangu. Alisema wazi, mbele ya kaka yake: "Kazi ya Maman Riziki ikiwa iko, unabaki hapa. Siku yenye itaisha, unapanda pikipiki ya kaka yangu, na mimi ndiye nitakufungia mzigo."

Kwa hiyo kazi ya Maman Riziki ndiyo ilikuwa kiti changu. Shikeni hapo.

Maman Riziki ni muuguzi, mzaliwa wa Kabambare, mama mmoja mpole mpaka umkosee. Alifungua zahanati yake yeye mwenyewe Salamabila, yenye chumba kidogo cha vipimo. Wachimbaji wanakuja, wanapimwa, majibu yanaingizwa kwenye mashine yake kule. Lakini daktari anayeyasoma na kutia sahihi yuko Kasongo. Basi majibu yanakuja kwangu kwenye flash, nayapanga, nayachapa, daktari anaandika maneno yake yasiyosomeka, mimi nayageuza kuwa yanayosomeka, narudisha flash Salamabila.

Najua mtauliza kwa nini tusitume kwa mtandao. Mtandao wetu ni kama mgeni wa heshima, anachelewa kuja, akija hakai, na ukimpa mzigo anaukataa. Flash ndiyo mtandao wetu. Anayeibeba ni Amuri, kwenye mfuko wa shati.

Na hapa kuna desturi yetu ambayo lazima niieleze.

Flash haisafiri tupu. Unamwekea motari nyimbo. Ndiyo shukrani yake. Pikipiki ya Amuri ina radio ya kuchomeka flash, na njia ile bila muziki ni matope matupu. Ukimpa flash isiyo na nyimbo ataibeba, ndiyo, lakini ataibeba kama anayebeba maiti ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo kwenye flash moja kulikuwa na mafolda mawili: nyimbo za Amuri, na majibu ya wagonjwa wa Salamabila. Jirani na jirani.

Amuri akifika Wamaza, njiani, anapumzika. Pale kuna jamaa anachaji simu za watu, naye ana kompyuta. Kazi yake nyingine ni kukopi nyimbo kwenye kila flash inayopita na kuwawekea watu kwenye simu. Hakuna uovu, ni desturi. Siku moja akakopi flash yetu yote, akaona folda limeandikwa MAJIBU, akadhani ni albamu.

Akafungua. Akasoma. Na mahali pa kuchaji simu watu wanakaa wengi, hawana la kufanya.

Kulikuwa na mkubwa mmoja wa shimo, mtu wa heshima, anayeamuru vijana wachimbe wapi. Sitamtaja jina, mwiteni Chef, yaani mkubwa. Jibu lake lilikuwa la ule ugonjwa wa chini ya mkanda, ambao mwanaume akiupata anasema ni baridi ya shimoni. Likasomwa Wamaza. Lilifika Salamabila kabla ya Amuri, na Amuri anakimbiza pikipiki.

Maman Riziki alinipigia simu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya.

"Papa Neema, mie nakuheshimia. Lakini majibu ya watu iko inasomwa Wamaza kama matangazo ya misa. Chef hakanyage tena kwangu. Na vijana yake wote hawakuje, wanaogopa. Mutu anabaki na ugonjwa kwa mwili juu ya kuona haya."

Nikasema pole.

"Pole haifunge kitu. Tafuta namna ya kufunga ile majibu, ama kazi naipeleka Bukavu."

Nikageuka, nikamkuta mke wangu ananitazama huku anakunja kitenge. Anakikunja kama mtu anayefungasha.

Wakuu, nilitafuta namna.

Rafiki mmoja aliyepita kutoka mjini aliniachia software ya encryption. Kwa wasiojua: unaipa faili, unaipa neno la siri, inaligeuza lile faili kuwa vurugu ya herufi. Asiye na neno la siri anaona takataka tu. Tena ilikuwa bure. Neno bure ukiliandika kwenye mlango wa Kasongo watu wataingia hata kama ni mlango wa choo.

Nika-install. Kabla ya kufunguka ikaniuliza swali moja, kwa Kifaransa kizuri kabisa. Unaitumia nyumbani, kwa mambo yako binafsi? Basi ni bure. Unaitumia kwa biashara, kampuni au shirika? Basi nunua leseni. Chini yake kulikuwa na maandishi marefu, madogo kama mchwa, na kitufe cha Nakubali.

Sikubonyeza hovyo. Nataka mjue nilifikiri.

Nilijiuliza: mimi nina kampuni? Nina meza. Nina wafanyakazi? Nina mke, naye hanisikilizi, kwa hiyo si mfanyakazi. Niko wapi? Nyumbani, tena jina langu ni Kizingiti. Nalipwa? Maman Riziki hanilipi. Ananishukuru. Kila Amuri akija ananiletea samaki wakavu, chupa ya mawese, na sabuni. Kwetu ukifanyiana kazi na mtu mnayeheshimiana huandiki fakitire, yaani ankara, unangojea shukrani. Biashara ni ile ya Bahati, yenye mizani.

Nikabonyeza Nyumbani. Nikakubali maandishi yote ya mchwa bila kusoma hata mchwa mmoja.

Hapo hapo kuna kipande cha aibu, acheni nikipitishe haraka. Safari ya kwanza nilifunga faili vizuri, halafu neno la siri nikaliandika kwenye karatasi nikampa Amuri abebe pamoja na flash. Maman Riziki alinipigia akaniuliza kama nyumba yangu nikiifunga naacha ufunguo umening'inia kwenye kufuli. Tangu siku hiyo neno la siri likawa linakwenda kwa simu.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Nyimbo za Amuri ziko wazi, majibu yamefungwa. Wamaza wakawa wanaona faili moja kubwa lisilofunguka. Wagonjwa wachache wakaanza kurudi. Chef hakurudi, lakini wachache ni wachache.

Nikaota pembe. Niliandika kibao barazani: HAPA TUNAFUNGA SIRI. Mke wangu akauliza siri gani wakati nguo zangu za ndani zimeanikwa nyuma ya kibao.

Sasa ikaja ile siku.

Kuna shirika moja, jina liacheni, lilitaka kumsaidia Maman Riziki: hadubini mpya ya vipimo na friji ya sola ya dawa. Lakini kwanza wanatuma mtu kukagua kila kitu, pamoja na namna siri za wagonjwa zinavyotunzwa. Wakamtuma dada mmoja kutoka Bukavu, anaitwa Mademoiselle Espérance. Msichana mwenye adabu, viatu visafi mpaka nikaona huruma juu ya njia inayomngoja.

Alianzia kwangu, kwa kuwa kwangu ndiko majibu yanakopangwa. Nikampa kiti kizuri, mimi nikakaa kwenye gunia. Nikamwonyesha jinsi faili linavyofungwa. Akafurahi. Akaandika. Halafu akasogeza uso kwenye screen, akaonyesha kwa kidole pembeni chini.

Wakuu, yale maandishi yalikuwepo siku zote. Toleo la bure, matumizi ya nyumbani, hairuhusiwi kwa kazi. Mimi nilidhani ni mapambo.

"Papa, leseni iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia leseni sina, mimi niliishia diploma. Kwetu leseni ni ile ya chuo kikuu, kwa hiyo niliona ananidharau. Akanieleza taratibu kwamba anaulizia ya software.

"Ni ya bure, Mademoiselle. Sikuiba. Nilipewa."

"Ulipewa kwa matumizi ya nyumba yako."

"Na hii ni nyumba yangu."

Kuku akapita juu ya meza kuthibitisha.

Mademoiselle alimtazama kuku, akanitazama mimi. "Na wagonjwa wa Salamabila, nao ni wa nyumba yako?"

Nikamshusha kuku mezani. Mke wangu akatokeza mlangoni na kile kitenge, ameanza kukikunja tena.

Akanieleza bila ukali. Shirika lao haliwezi kutoa kitu mahali panapotumia software kinyume na leseni yake, hata kama inafunga vizuri namna gani. "Naenda kwanza Kabambare, halafu Salamabila. Nikifika kule nataka kuona mashine zote mbili ziko sawa, yako na ya Maman. La sivyo nitaandika hapana."

Akapanda pikipiki, akaenda. Hapana yake ikabaki barazani.

Yaani friji inakwenda, hadubini inakwenda, kazi inakwenda Bukavu, na mimi nakwenda kwa Bahati kukaa mbele ya depo kama sufuria ya maonyesho.

Nilifanya nini? Niliona nitetee haki yangu. Niliwaandikia wenye software.

Niliwaeleza hali yangu yote kwa heshima, kwamba niko nyumbani kwangu, kwamba baraza ni sehemu ya nyumba, kwamba sipokei malipo ila shukrani. Nikawataka wanijibu: mtu anayepewa samaki, je, huyo anafanya biashara?

Wakajibu. Hili ndilo lililoniumiza, walijibu kwa upole sana. Walinishukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa. Wakasema kazi yoyote unayoifanyia taasisi kwa malipo ya aina yoyote, samaki wakiwemo, inahesabiwa ni biashara. Wakaweka kiungo cha kununua. Sidhani kama kuna samaki mwingine wa Congo aliyewahi kutajwa kwenye barua za ofisi ile.

Nikamsomea mke wangu. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi mwenye biashara mkubwa kwa Kasongo ni mama yako. Kila kitu anafanya, watu wanamuletea kuku."

Nikafungua kiungo. Fomu yao ilitaka kadi ya benki. Sina, na ninayemjua mwenye nayo yuko Lubumbashi na hapokei simu zangu kwa sababu zake. Ilitaka namba ya posta ya mji wangu. Kasongo haina, nikaweka sifuri, ikakataa, nikaweka sifuri nyingi zaidi, ikakataa kwa rangi nyekundu. Halafu nikaona leseni ya biashara haiuzwi kwa mtu mmoja, inauzwa kwa kundi la watumiaji. Nikaanza kuhesabu wafanyakazi wangu. Nilifika kwa jogoo, nikaacha.

Hapo nikakimbilia humu.

Baadhi yenu mtakumbuka ule uzi wangu mfupi wa kulia. Wengi mlinicheka, ni haki yenu. Mmoja akaniambia nibadilishe tu yale maandishi ya pembeni yasionekane, na mkuu, nakushukuru, lakini yule dada angeyakuta hata ningeyafunika kwa matope. Mwingine, mtu mwenye picha ya mbuzi, aliandika hivi tu: acha uvivu, soma leseni, kuna bure ya kuonja na kuna bure ya kweli, tafuta open source, ile iliyo wazi kwa wote, inayoruhusu biashara.

Mwenye mbuzi, popote ulipo, nimekuweka kwenye maombi.

Nikatafuta. Nikaipata. Mtandao siku hiyo ulikuwa na roho nzuri, ukaileta kidogo kidogo kama mtu anayehamisha mpunga kwa kijiko. Safari hii, kabla ya kubonyeza, nikakaa chini nikasoma mchwa wote. Kiingereza changu ni cha humanités, kile cha kumwambia mwalimu kwamba paka yuko juu ya meza. Nilitumia kamusi, nilitumia mchana kutwa, nikavuja jasho nimekaa.

Na nikaelewa, wakuu. Ile leseni ilisema unaweza kuitumia kwa jambo lolote. Lolote. Nyumbani, ofisini, kwa samaki, kwa dhahabu. Unaweza kukopi, unaweza kumpa mwenzako. Halafu mwishoni ikasema ikikuharibikia usije kututafuta. Hapo moyo wangu ukatulia. Hii sasa ni lugha ninayoijua. Ndivyo fundi wetu wa radio anavyosema kila siku.

Mke wangu alikuwa na mashaka. "Hawaulize jina?"

"Hawaulizi."

"Hawaulize uko nyumbani ama kwa kazi?"

"Hawaulizi kitu."

"Basi huyo mutu anataka kitu."

Hata mimi kitu kinachoitwa bure kikiwa bure kweli kinanitia wasiwasi.

Nikafungua mafaili yote ya zamani, nikayafunga upya, nikafuta ile ya mwanzo. Mashine yangu ikawa safi. Bado ya Maman Riziki, Salamabila. Nikampigia nimwelekeze ai-install mwenyewe. Simu ikakatika kwenye neno "bonyeza". Nikapiga tena, ikakatika kwenye "usibonyeze". Mwisho Maman akasema mashine ile ina majibu ya watu, hamruhusu kijana yeyote wa mjini kuigusa, na yeye hatabonyeza kitu asichokielewa.

"Unaiweka weye kwa mikono yako, Papa Neema. Ama yule dada aikute vile iko."

Mmeona kilichonipata? Ili nisihamie Salamabila, ilibidi niende Salamabila.

Amuri alipokuja kuchukua flash akanikuta nimesimama na begi. Akatazama nyuma yangu kuona nani anasafiri.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Papa Neema? Weye mwenyewe?" Akazima pikipiki kabisa. "Si ungenipatia flash tu. Weye hauingie kwa mfuko ya shati."

Njiani alikuwa anaomba radhi kwa kila motari tuliyepishana naye, anasema leo amebeba mzigo unaoongea. Na kweli niliongea. Niliongea kwenye kila daraja la miti, nikiwataja watakatifu wote ninaowajua, na kwa kuwa tulipita madaraja mengi nikaanza kuwataja na wa majirani zangu Waislamu.

Tulipofika Wamaza nikashuka kama karatasi iliyokwama kwenye printer. Yule jamaa wa kuchaji simu akatoka mbio kumpokea Amuri, mkono mbele, anangojea flash kwa mazoea. Amuri akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu ndiye mwenye nyimbo."

Jamaa akanishika mkono kwa furaha ya kweli. "Karibu, mukubwa. Nyimbo yako ni ya muzuri sana. Lakini ile filamu unatumaka, ile kubwa, haifunguke. Nimeijaribu kwa kila mashine. Angalia mwenye anakuuzia, anakuibia."

Wakuu, nilikuwa nimepanga kumgombeza mtu huyu tangu Kasongo. Nikamwambia tu asante, nitaangalia.

Salamabila. Sitaielezea sana. Ni kama nilivyohofia, pikipiki, vumbi, jenereta, watu wanaongea wote kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Wa kwanza kuniona alikuwa shemeji Bahati. Alikuja amefungua mikono, uso umejaa ushindi, akanivuta mpaka mbele ya depo. Kulikuwa na kiti kipya. Alikuwa ameniandalia.

"Niliambia dada yangu, huyu atakuja tu."

Nikakaa, wakuu, siwezi kuwadanganya. Baada ya pikipiki ile ningekaa hata kwenye msumari. Kilikuwa kiti kizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nikanyanyuka kabla hakijanizoea, nikaenda zahanati.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Maman Riziki alisimama nyuma yangu wakati wote, ananiuliza kila kitufe kina kazi gani. Tukachagua neno la siri jipya, analijua yeye, mimi nalijua, basi. Ile ya zamani nikaifuta mbele ya macho yake.

Mademoiselle Espérance akafika kutoka Kabambare. Viatu vyake sasa vilikuwa kama vyetu. Akakaa, akatazama mashine, akatazama pembeni chini. Hakuna maandishi.

"Leseni?"

Nikatoa ile leseni, nimeichapa yote, karatasi kadhaa, na tafsiri yangu ya Kifaransa imebanwa juu. Akasoma. Naona alisoma kweli, maana aligeuza karatasi.

"Ni sawa, inaruhusu," akasema. Halafu akakuna kichwa kwa kalamu. "Lakini fomu yangu inataka risiti ya muuzaji."

"Hakuna muuzaji."

"Najua. Lakini kuna mahali pa kuandika: imenunuliwa, ama haina ruhusa. Hakuna mahali pa kuandika ni ya bure na ina ruhusa."

Tukatazamana watu watatu. Mimi niliona kile kiti cha Bahati kinanipungia mkono.

Maman Riziki akafungua droo. Akatoa muhuri wa zahanati, kashe yetu, ile duara ya bluu. Akaupumulia, akaupiga juu ya leseni, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Pa, pa, pa. Juu ya ile sentensi inayosema unaweza kuitumia kwa jambo lolote, sasa kukasomeka LABORATOIRE. Akatia sahihi.

"Sasa iko karatasi," akasema.

Na Mademoiselle, msomi, mtu wa Bukavu, akaitazama, mabega yakashuka. Akaibana kwenye fomu yake. Akaandika ndiyo.

Kuna watu huko duniani waliandika leseni ile miaka na miaka, wakapigania kila neno ili lisihitaji ruhusa ya mtu. Kwetu ilianza kufanya kazi ilipopigwa kashe.

Nilitoka nje kupata hewa. Barazani palikuwa na benchi la wagonjwa, na pembeni amesimama mwanaume mmoja mnene, kofia mkononi. Sikumjua. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Weye ndiye unaandikaka majibu yetu, kule Kasongo?"

Nikasema ndiyo. Akatazama njia, akatazama kofia yake.

"Mie ndiye ile jina yenye ilisomwa Wamaza."

Wakuu, nimeandika maombi ya radhi mengi kwa niaba ya watu, hiyo ni sehemu ya kazi yangu, nina hata mfano wake kwenye kompyuta. Pale haukunifaa. Nikasema tu, "Samahani, Chef."

Akaigeuza kofia. Akauliza: "Sasa inafunga?"

"Inafunga."

"Yule wa kuchaji simu, wa Wamaza, hawezi kufungua?"

"Amejaribu kwa kila mashine. Anadhani ni filamu."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akakaa kwenye benchi, mwisho wa mstari, akavaa kofia. Vijana wawili waliokuwa wamesimama ng'ambo ya njia walimwona amekaa. Wakavuka, nao wakakaa.

Hiyo ndiyo sehemu yangu ya kujisifu. Nilisema ni fupi.

Nimerudi Kasongo, kwenye kiti changu, mgongo bado haujarudi. Kibao cha HAPA TUNAFUNGA SIRI nimekitoa, kuku wanakilalia. Friji ya Maman Riziki ilifika. Bahati kile kiti bado amekiweka pale pale, anasema anangojea.

Nilichojifunza: neno bure lina maswali ndani yake. Kuna software ni bure kwa mambo yako ya nyumbani, ukiiingiza kazini hata kama kazi yenyewe iko jirani na gunia la mpunga, umekosea. Na kuna nyingine ni bure hata kwa biashara, na hiyo imeandikwa, lakini lazima usome. Zote mbili zilifunga majibu vizuri, tofauti ilikuwa kwenye maandishi ya mchwa. Ninyi wenye ofisi, zahanati, saluni, tazameni pembeni chini ya screen zenu kabla hajaja mtu mwenye viatu visafi.

Leo Amuri ameleta samaki. Mke wangu amewapokea, akaniletea pale barazani, akauliza mbele ya wateja: "Hii ni ya nyumbani ama ya biashara? Kama ni ya biashara, kula peke yako."

Sijamjibu mpaka sasa na chakula kinakaribia. Wenye uzoefu wa leseni, au wa wake, leteni maoni hapo chini. Mwenye mbuzi aanze.